Kura Yenye Kivuli

Fundi Herufi alijaliwa mwandiko mzuri na mdomo mwepesi wa kukubali, na vitu hivyo viwili viliishi pamoja bila ugomvi mpaka mwenyewe alipofika miaka hamsini na mmoja.

Mwandiko ulianzia darasa la tatu. Mwalimu wao hakupatana na vumbi la chaki. Lilimpigisha chafya mpaka machozi. Siku moja akamwita yule mtoto mrefu wa dawati la nyuma, akampa chaki, akamwambia awe anaandika ubaoni kila atakachosomewa. Mtoto akaandika mpaka darasa la saba. Alipomaliza shule hakuwa anajua hesabu sana, lakini hapakuwa na mtu katika wilaya nzima aliyeweza kuliandika neno "hesabu" vizuri kama yeye. Baadaye akakaa miaka minne kwa mzee mmoja aliyekuwa akiandika maneno kwenye malori, akajifunza kuchanganya rangi, kushika brashi bila kutetemeka, na kuandika mstari ulionyooka bila rula. Kisha akapata kibanda chake kwenye yadi ya mafundi, akaoa, akazaa, akabaki hapo hapo.

Yadi yenyewe ilikuwa ghala la zamani lenye paa la mabati, limegawanywa vibanda thelathini na nane. Huku wanachomelea mageti, kule wanakarabati redio, mbele wanashona viatu, nyuma wanajaza magodoro. Kila kibanda kilikuwa na bango, na kila bango liliandikwa na Herufi. R yake ilitupa mguu mbele kama mtu anayepiga mpira. S yake ilijikunja kivivu, kama mtu aliyeegemea ukuta akisubiri kuitwa. Na chini ya kila herufi aliweka kivuli upande wa kulia, ili neno lionekane limesimama. Mtu akiona bango la aina hiyo hata upande wa pili wa mji, alisema, "Hii ya Herufi," akapita.

Mdomo nao ulikuwa na sifa zake. Herufi hakuweza kumwambia mtu "hapana" akiwa anamtazama usoni. Mteja akileta kibao cha ukubwa wa sinia akitaka kiandikwe jina la duka, simu mbili, saa za kazi, bidhaa zote na salamu kwa wateja, Herufi alikishika kile kibao, akakigeuzageuza, akasema, "Inawezekana." Aliwahi kukubali kusimamia harusi mbili za siku moja, saa moja, miji miwili. Ikabidi augue.

Mwenyekiti wa yadi alikuwa fundi wa kuchomelea, jina lake la kazi Cheche. Kwa bahati mbaya au nzuri, Cheche alikuwa kaka mkubwa wa mke wa Herufi. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Ukifiwa, anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Ukiugua, anakuja kukujulia hali na kuwaamsha wagonjwa wote wa wodi. Ila kazi za yadi zilimshinda. Hakukataa kitu, alisema tu, "Wiki ijayo." Choo cha yadi kilipoteza mlango wake kwa upepo, na mwenyekiti, ambaye kazi yake kutwa kucha ilikuwa kutengeneza milango ya chuma ya watu wengine, alisema ataweka mwingine wiki ijayo. Ikapita miaka mitatu. Watu wakajifunza kuimba wakiwa ndani, ili anayekuja asikie na kugeuza. Ilifika mahali ukajua nyimbo za kila mtu. Fundi magodoro aliimba nyimbo za kanisani, mshona viatu alipiga mluzi, na Herufi, ambaye hakujua kuimba, alitaja alfabeti kwa sauti.

Na bado Cheche alichaguliwa kila baada ya miaka mitatu, kwa sababu yadi ilichagua kwa mstari. Mgombea mmoja alisimama karibu na geti, mwingine karibu na bomba la maji, na wanachama walijipanga nyuma ya wanayemtaka. Kisha vichwa vikahesabiwa. Cheche aligeuka nyuma akautazama mstari wake mmoja mmoja, akitabasamu, akiita watu majina. Nani angethubutu kusimama kwenye bomba huku akitazamwa hivyo? Kwanza, yeye ndiye aliyegawa nafasi za vibanda. Pili, alikulilia mama yako msibani mpaka akakauka sauti.

Mara ya mwisho aliyeshindana naye alikuwa seremala, na Herufi alikuwa amewaahidi wote wawili. Mistari ilipoanza kupangwa, yeye akabaki katikati ya uwanja, akainama kufunga kamba za viatu. Akafunga kwa muda mrefu sana.

"Shemeji!" Cheche akamwita. "Unafanya nini hapo?"

"Nafunga kamba, shemeji."

"Umevaa ndara!"

Yadi nzima ikaangua kicheko, na Herufi akajikuta amesukumwa kwenye mstari wa geti. Seremala hakumsemesha miezi miwili.

Basi uchaguzi uliofuata ulipokaribia, kwenye mkutano wa wanachama, mshona viatu akasimama. Alikuwa mjane wa makamo, mdogo wa umbo, na watu walimwita Mama Soli. Hakuwa mtu wa maneno mengi kwa sababu muda mwingi alikuwa na misumari mdomoni. Siku hiyo aliitema kwanza kiganjani.

"Nagombea uenyekiti," akasema. "Na naomba safari hii tupige kura ya siri. Chooni hatuna mlango, angalau kura iwe na mlango."

Watu walicheka, kisha wakamtazama Cheche. Cheche naye alicheka kuliko wote.

"Mimi sina la kuficha!" akasema. "Mkitaka pigieni kura ndani ya pipa, mtanichagua tu. Ila nina sharti moja. Wakati wa kuhesabu, kila karatasi ifunguliwe na kunyanyuliwa juu, wote tuione. Sitaki maneno baadaye."

Likapitishwa. Hakuna aliyefurahi kama Herufi. Alirudi kibandani akipiga mluzi, na bila kuombwa na mtu akaandika bango kubwa la rangi ya bluu: KURA NI SIRI YAKO. Akalitundika getini. Kwa mara ya kwanza maishani aliona ataweza kumkubalia kila mtu na asipate matatizo. Asubuhi iliyofuata Cheche alipita kibandani kwake. "Shemeji, sina haja ya kuuliza." "Huna haja kabisa, shemeji," Herufi akajibu. Nusu saa baadaye Mama Soli akapita na kiatu cha mteja mkononi. "Fundi, nakutegemea." "Nitegemee, mama." Ndimi mbili, kichwa kimoja, na hakuna aliyejua.

Lakini siku tatu kabla ya uchaguzi akashtuka usingizini alfajiri. Katibu wa yadi, fundi redio, alikuwa ametangaza kwamba kila mtu ataandika jina la anayemtaka kwa mkono wake. Kwa mkono wake! Herufi akautazama mkono wake wa kulia, umelala juu ya shuka, hauna wasiwasi wowote.

Akaanza mazoezi ya mkono wa kushoto. Kila jioni baada ya kazi alichukua madaftari ya zamani ya watoto, akakaa mezani, akaandika huku ulimi umetoka nje. Kurasa zikajaa maandishi kama ya kuku aliyekanyaga wino. Mkewe, ambaye alikuwa fundi mapazia hapo hapo yadini na mwanachama kama yeye, alisimama nyuma yake akatazama.

"Baba watoto, unaumwa?"

"Mkono wa kulia unachoka siku hizi. Naupumzisha."

"Mh," mkewe akasema. Akarudi kwenye cherehani.

Siku ya kura ikafika. Kibanda cha kupigia kura hakikuwepo, kwa hiyo seremala akatoa kabati la nguo lililokuwa halijapata mnunuzi, la milango miwili, likawekwa katikati ya uwanja. Mpiga kura aliingia ndani, akafunga mlango, akaandika juu ya rafu, akatoka na karatasi iliyokunjwa na kuitumbukiza kwenye ndoo. Tochi ndogo ilining'inizwa kwenye chuma cha kutundikia nguo. Dakika za mwisho katibu alibadili mawazo, akataka kutoa nakala za karatasi zenye majina yote mawili ili watu waweke alama tu, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, akaishia kukata daftari la mraba kwa mkasi.

Fundi magodoro, mtu wa mwili, aliingia kwa ubavu na kutoka kwa msaada. Fundi saa aliingia, akakaa, kisha akatoa kichwa na kuuliza kama Mama Soli anaandikwa kwa jina la kazi au la ubatizo. "La kazi!" watu wakapiga kelele. Kalamu ya kwanza ikapotea kabla ya mtu wa kumi; aliyeingia nayo alitoka bila nayo na akaapa hajaiona. Katibu akakasirika. Akaenda kibandani kwake, akarudi na kalamu nene ya kuandikia maboksi, akaifunga kwa kamba kwenye pembe ya rafu. "Hii," akasema, "tuone nani ataondoka nayo."

Zamu ya Herufi ikafika. Akaingia, akavuta mlango, akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto kama alivyojizoeza. Akaitazama ncha yake chini ya tochi, na moyo ukaruka. Ilikuwa kalamu ya ncha bapa. Mpya. Wino umejaa mpaka unanukia. Ukiigeuza hivi inatoa mstari mwembamba, ukiigeuza hivi inatoa mnene. Ni miezi mingapi alikuwa akiitafuta kalamu ya namna hii madukani?

Akajikaza. Kuhusu nani wa kumchagua hakuwa na shaka. Alishaamua siku nyingi. Akaandika M ya kwanza kwa mkono wa kushoto. Ikatoka imepinda, miguu nje, kama meza iliyobebwa na walevi. Herufi akaitazama. Akaona aibu, aibu ya kweli, kama mtu aliyetoka nje amesahau suruali. Akasema moyoni, ngoja nirekebishe mguu mmoja tu. Akahamishia kalamu mkono wa kulia, akarekebisha mguu mmoja. Sasa ule mwingine ukaonekana mbaya zaidi. Akaurekebisha. M ikawa nzuri. Na M nzuri haiwezi kufuatwa na A ya kuku.

"We Herufi!" sauti ikaita nje. "Umelala humo?"

"Natoka!"

MAMA SOLI, ikasema karatasi. S imeegemea ukuta wake kivivu. Ilikuwa imekaa katikati ya karatasi sawasawa, bila rula. Ikabaki nafasi kidogo upande wa kulia wa kila herufi, nafasi inayoomba. Mlango ukagongwa mara ya pili, mara ya tatu, na Herufi alipozinduka alikuwa ameshamaliza kuweka kivuli.

Akaitazama kwa furaha muda wa pumzi moja. Katika pumzi ya pili akakumbuka sharti la Cheche.

Karatasi nyingine hakuna. Kila mtu moja. Kuichana ni kuharibu kura. Akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa kama kidonge, akatoka akitokwa jasho, akaitumbukiza kwenye ndoo na kusimama nyuma ya watu wote.

Katibu akaanza kuhesabu. Alifungua, akanyanyua, akasoma. "Mama Soli." Maandishi yamelala. "Cheche." Ya fundi bomba hayo au ya nani, haikujulikana. "Mama Soli. Mama Soli." Karatasi moja ilikuwa imeandikwa "Mungu anajua", ikawekwa kando. Nyingine ilikuwa na alama ya kuuliza peke yake. Kisha katibu akachukua kidonge. Akakikunjua. Akakikunjua tena. Akakikunjua mpaka watu wakaanza kusogea mbele. Akakitazama, na badala ya kusoma akameza mate.

"Nyanyua!" Cheche akasema. "Tulikubaliana."

Katibu akanyanyua.

Hapakuwa na haja ya kusoma. Ilionekana mpaka getini. Kutoka nyuma fundi magodoro akasema kwa sauti ya huzuni, "Jamani, hiyo isichanwe." Hapo kicheko kikapasuka. Watu walishikana mabega, seremala akajishikilia kwenye kabati lake. Cheche peke yake hakucheka. Aligeuka taratibu akamtafuta shemeji yake kwa macho. Herufi alikuwa akitazama paa la mabati kwa makini, kama mtu aliyetumwa kuhesabu misumari.

Matokeo: Mama Soli thelathini na moja, Cheche tano, zilizoharibika mbili. Cheche akaenda akampa mkono mshindi, akasema maneno mazuri mafupi, ambayo hayakuwa kawaida yake, akavaa kofia yake ya kuchomelea, akaishusha usoni, akaenda zake. Hakuwa na kitu cha kuchomelea. Umeme ulikuwa bado haujarudi.

Kuanzia kesho yake yakaanza mambo ambayo Herufi hakuyategemea. Watu walianza kupita kibandani kwa Cheche kumpa pole. Alikwenda seremala: "Mwenyekiti, mimi kura yangu unaijua ilikokwenda." Akaenda fundi saa: "Watu wabaya sana, mzee. Mimi nilikuandika kwa herufi kubwa." Akaenda fundi magodoro, akalia machozi kabisa. Kila aliyetoka huko alipita mbele ya kibanda cha Herufi na kutikisa kichwa.

"Kaka wa mkeo, Herufi! Tumbo moja!"

"Hata sisi watu baki tulimpa, wewe shemeji unamnyima?"

Herufi aliwatazama wakipita, watu thelathini walioandika jina lile lile aliloandika yeye, wote weupe kama shuka iliyofuliwa, kwa sababu tu maandishi yao yalikuwa mabaya. Mama mkwe akapiga simu jioni. Alimpigia binti yake, lakini alizungumza kwa sauti ya kusikika chumba cha pili. "Muulize huyo bwana yako mwenye mwandiko," alisema, "mwanangu alimkosea nini?"

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkewe aliweka chakula mezani bila neno, akaondoa vyombo bila neno. Yadini ndiye aliyelaumu kuliko wote; alisimama katikati ya vibanda na mkono kiunoni, akasema kwamba ameolewa na adui wa familia. Siku ya nne Herufi akashindwa.

"Mama watoto, nisamehe. Nilijaribu. Siku tatu nilijizoeza mkono wa kushoto, uliniona mwenyewe. Ile kalamu ndiyo iliyoniponza."

"Kalamu!" mkewe akalipuka. "Mtu mzima unashindwa kuandika vibaya dakika moja? Watoto wa chekechea wanaweza! Mimi mbona niliandika herufi ndogo, zimepinda, nikachanganya na kubwa, nani kanijua? Karatasi yangu ilinyanyuliwa mbele ya macho ya kaka, akaitazama hivi, akasema, 'Hii ya nani tena, hajui hata kuandika Mama S...'"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Herufi akaweka kijiko chini.

"Mama nani?" akauliza.

"Kula chakula chako."

"Mama watoto. Mama nani?"

Mkewe akaenda kufunga dirisha, ingawa nje kulikuwa na joto. Akarudi, akakaa karibu naye, karibu zaidi ya siku zote nne zilizopita. "Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ni mwanamke. Miaka mitatu ninaimba kwenye choo kile, nimeshika sketi kwa mkono mmoja na kitenge kwa mkono mwingine kama pazia, mimi fundi mapazia! Yule ni kaka yangu, nampenda. Ila ungekuwa wewe ungempa?"

"Mimi sikumpa," Herufi akasema.

Mkewe akamtazama, mdomo ukacheza, na ghafla wote wawili wakacheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Alipopata pumzi akamshika mkono. "Sasa uape. Mama asijue, kaka asijue. Lawama zako endelea nazo hivyo hivyo, wewe umeshazizoea."

"Nimezizoea siku nne tu!"

"Apa."

Akaapa. Angesemaje? Mke alikuwa akimtazama usoni.

Mama Soli naye hakungoja. Alimpa seremala mbao na vipimo, na siku ya sita choo kikawa na mlango wa mbao wenye komeo la ndani. Siku ya kwanza watu waliingia wawili watatu bila haja yoyote, kufunga na kufungua tu. Wengine waliendelea kuimba kwa mazoea.

Siku hiyo mchana Cheche akaja kibandani kwa Herufi. Alikuja taratibu, kofia ya kuchomelea imepandishwa kichwani, mkononi ameshika kipande cha bati. Herufi akasimama. Cheche akamwashiria akae, naye akakaa juu ya debe la rangi.

"Shemeji," akasema, "tazama hapa."

Kile kipande cha bati kilikuwa na mistari ya chaki, mitano mitano.

"Hawa ni watu walionijia na kuniapia kwamba walinipa kura. Mpaka leo asubuhi wamefika ishirini na tisa. Kura nilizopata ni tano, na moja yangu mwenyewe. Mimi sikusoma sana, shemeji, lakini hapa kuna jambo." Akaliweka bati chini. "Miaka tisa nilikuwa nageuka nyuma pale getini, nawaona wamejaa, nasema moyoni, hawa watu wananipenda. Kumbe walikuwa wamepanga foleni tu."

Herufi alitafuta neno la kumfariji. Yalikuja mengi, yote laini, yote ya uongo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema "wanakupenda, shemeji", lakini akaona macho ya yule mtu, akaufunga.

"Katika watu wote wa yadi hii," Cheche akaendelea, "ninayejua kwa hakika alichoandika ni wewe peke yako. Kwa hiyo wewe ndiye wa kuniambia. Kwa nini?"

Herufi akaanza kufuta brashi ambayo ilikuwa safi. "Unamkumbuka yule mwalimu mstaafu, bibi mmoja mnene, aliyekuja kuchukua bango la shule?"

"Namkumbuka."

"Aliomba kwenda chooni. Ana miaka sabini, anatembea kwa fimbo, hawezi kusubiri. Na hawezi kuimba, ana pumu. Nilifanya nini, shemeji? Nilibeba bango lake mwenyewe, nikasimama nalo mlangoni, nimempa mgongo, nimelishika hivi. Dakika kumi. Watu wanapita wananisoma."

"Bango limeandikwa nini?"

Herufi akasita. "KARIBUNI NYOTE."

Cheche alijaribu kujizuia. Mashavu yakavimba, macho yakatoka, kisha kicheko kikamtoka kwa nguvu mpaka kofia ikadondoka usoni, akawa anachekea humo ndani kama mtu aliyefungiwa kwenye pipa. Alipoipandisha tena macho yalikuwa na maji, na haikuwa rahisi kujua ni ya kicheko yote.

"Kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

"Nilikuambia. Ukasema wiki ijayo."

"Nilisema?"

"Ulisema. Na mimi nikasema 'sawa, shemeji'. Hilo ndilo kosa langu. Nilitakiwa kukukasirikia, nikaja kukukasirikia ndani ya kabati."

Kwa mbali mashine ya seremala ilikuwa ikilia. Cheche akainama mbele, akashusha sauti kadiri sauti yake ilivyoweza kushuka.

"Na dada yangu? Yeye ananiapia kwamba alinipa."

Herufi akahisi masikio yakipata moto. Kiapo kilikuwa huku, macho ya shemeji yalikuwa kule, na hakuna kamba ya kiatu duniani ambayo ingemwokoa. Akavuta pumzi.

"Sikuambii, shemeji," akasema. "Kura ya mtu ni siri yake."

Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia mtu akiwa amekaa mbele yake. Alingoja kitu kianguke. Hakikuanguka.

"Yako mbona haikuwa siri?"

"Yangu ilitoroka."

Cheche akatikisa kichwa, akainuka, akalichukua bati lake na kulifuta kwa kiganja. "Basi nimeshapata jibu," akasema, lakini bila hasira. "Msalimie. Mwambie Jumapili nakuja kula kwenu. Na mama nitaongea naye mimi."

Alikuja kweli, akala, akazungumza kwa sauti iliyosikika nyumba ya tatu, na dada yake akamjazia sahani mara mbili zaidi ya kawaida, jambo ambalo Herufi aliliona vizuri.

Baada ya hapo ikaanza kazi mpya ambayo Herufi hakuiomba. Watu wa yadi, wale wale waliomtikisia vichwa, wakawa wanamletea vitu. Seremala alileta kiti: "Herufi, wewe husemi uongo, hiki kimenyooka?" Fundi magodoro akataka kujua kama kweli ananenepa. Mama Soli mwenyewe alimwita ofisini na kumsomea barua aliyoiandika kwa mwenye ghala, akataka amwambie kama ni kali mno. Walikuwa wamekosea, hakuwa mtu wa ukweli hata kidogo, alikuwa mtu wa mwandiko tu. Lakini ungeanzaje kuwaeleza? Mwanzoni alikwepa kwa kusingizia tumbo. Kisha akaona kwamba kiti kilikuwa kimepinda, akasema kimepinda, seremala akaenda kukikata mguu, na siku ikaendelea kama kawaida.

Mwezi mmoja baadaye akaja kinyozi wa mtaa wa pili. Alileta ubao mwembamba wa urefu wa mkono mmoja. Alitaka jina la duka, mitindo kumi na miwili ya nywele, namba tatu za simu, picha ya mkasi, na chini yake maneno BORA KULIKO WOTE.

Herufi akaushika ule ubao. Akaugeuzageuza. Kinyozi alikuwa akimtazama usoni, ana matumaini.

"Haiwezekani," Herufi akasema. "Haitasomeka. Nitakuandikia jina na simu moja. Basi."

"Mimi ndiye mteja!"

"Najua."

"Kuna fundi mwingine kule stendi."

"Yupo. Anaandika vizuri tu, ila R zake zimesimama kama zimeadhibiwa."

Kinyozi akachukua ubao wake, akaondoka kwa hasira. Mke wa Herufi akaacha kushona, akainua kichwa kutoka kibanda cha jirani.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Na kazi?"

"Imekwenda naye."

Mkewe akamtazama kama anayemtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mumewe. Kisha akacheka kwa pua, akaweka mguu kwenye cherehani, na Herufi akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, kwa sababu kulikuwa na bango la duka la dawa lililokuwa linangoja tangu juzi.